Barua Ambayo Mama Hakuifungua

Erlenbrunn, Pfalz
10 Aprili 1753

Kwa Wendel Rausch,
kwenye kinu cha mzee Kolb, njia ya Lancaster, Pennsylvania.
Kama amehama, yeyote anayemjua tafadhali amfikishie.

Mpendwa mdogo wangu Wendel,

Pokea salamu zetu sote, na za kwangu kwanza, kabla sijaanza kulia nikachafua karatasi. Hujambo? Mkeo Gertraud hajambo? Na mtoto wenu, ameshakuwa mkubwa kiasi gani? Nakuuliza kana kwamba tuliagana juzi, na kumbe mwezi ujao inatimia miaka kumi na minne. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunisumbua kukiwa na baridi. Mume wangu Velten ni mzima. Bado anatengeneza mapipa, na bado ukimwuliza jambo asubuhi anakujibu jioni. Tuna watoto wawili, Barthel na Eva, ambao hujapata kuwaona. Barthel ana masikio yako, maskini.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Mwalimu alitaka kuniandikia nikamkatalia, maana angeanza kuyaremba mambo, na haya ya safari hii hayarembeki. Ukikuta herufi zimelaliana, uvumilie. Mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu.

Sasa Wendel, kaa chini. Kama uko kinuni, toka kwenye kelele, tafuta mahali ukae.

Mama hayupo tena. Alifariki Jumatatu tarehe 19 Februari, muda mfupi baada ya adhuhuri, akiwa kitandani kwake na akili zake zote. Kifua kilikuwa kimembana tangu Krismasi. Mwishoni hakuteseka sana, hilo nakuapia, nilikuwa nimemshika mkono. Tumemzika kando ya Baba, pale ukutani ulipokuwa ukijificha kila siku ya katekisimu.

Pole, ndugu yangu. Pole sana. Nilitamani nikwambie haya uso kwa uso, nikushike kichwa kama ulipokuwa mdogo, lakini ndiyo hivyo, kati yetu kuna bahari.

Liko jambo la pili, nami nimekuwa nikilikwepa kwa siku nyingi. Barua yako ilifika. Ilifika Machi 1748, miaka mitano sasa, na haikusomwa na mtu yeyote mpaka siku tatu baada ya mazishi ya Mama. Najua uliandika nini ndani yake. Uliandika kwamba ikipita miaka mitatu bila jibu, utaelewa kuwa Mama amekufungia mlango, nawe hutatusumbua tena. Miaka hiyo imepita zamani. Nikifikiria ulivyokuwa ukingoja huko, halafu siku moja ukaacha kungoja, nakosa usingizi. Wendel, Mama hakukufungia mlango. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kisha ukasirike utakavyo, ila unikasirikie mimi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu kwenye tanuri la kijiji. Tulikuwa wanawake watano, mikate ya Mama ilikuwa imeshaingia ndani, na mke wa fundi viatu alikuwa akilalamika kama kawaida yake kwamba kura ya zamu imechezewa. Akatokea Jost, yule mchuuzi wa nguo za kitani. Unamkumbuka, Jost ambaye sauti yake hufika kabla ya mguu wake? Siku hiyo hakupiga kelele. Alisimama kizingitini na kofia mkononi.

"We Jost, mbona umeganda hapo?" Mama alimwambia. "Ingia, au toka, joto linapotea."

"Mama Sibylla, nimebeba barua yako," akasema. "Ya Amerika. Nimepewa Mannheim."

Akaitoa. Ilikuwa imefungwa kwa muhuri wa lakiri nyeusi.

Sina haja ya kukueleza lakiri nyeusi ina maana gani hapa kwetu. Wewe mwenyewe ulikuwepo ilipokuja ile ya mjomba kutoka vitani, na watu wakaanza kulia kabla haijafunguliwa. Tena anwani haikuwa kwa mwandiko wako, bali wa mtu mwingine, mwenye mkono mzuri. Nini kingine tungefikiri? Mke wa fundi viatu alijifunika uso kwa aproni. Mimi nikakaa juu ya kuni.

Mama alikuwa na unga mpaka viwikoni. Hakuipokea kwa mkono. Alitandaza aproni yake, akasema, "Itie humu."

"Mama, niifungue?" nikamwuliza.

"Mkate wangu uko ndani. Unataka uungue?"

Akasubiri mkate uive. Wendel, alisubiri karibu saa nzima na barua ile kwenye aproni. Akaipua mikate mmoja mmoja, akaigonga upande wa chini kwa kidole kusikiliza kama imeiva, kisha tukaenda nyumbani. Akafungua sanduku lake, akaiweka barua chini kabisa, chini ya kile kishati chako cha ubatizo, akafunga kwa ufunguo.

Nilimwambia, "Mama, tutaishije bila kujua?"

"Kama tulivyoishi jana," akanijibu. "Humu mna karatasi inayotaka kuniambia mwanangu amekufa. Mimi sijaisoma. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia."

Mchungaji alikuja kesho yake. Jost alikuwa ameshaeneza habari kijiji kizima, naye mchungaji alitaka kukupigia kengele ya marehemu na kukuombea Jumapili. Mama alimkaribisha vizuri, akampa kiti.

"Mchungaji, barua hiyo umeisoma?"

"Sijaisoma, Mama Sibylla."

"Na mimi sijaisoma. Sasa kengele unampigia nani?"

Mzee wa watu aliondoka akasahau kofia yake. Hakukupigia kengele, si siku ile wala baadaye. Wengine walisema Mama amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alijua bei ya kila yai sokoni, na alijua nani kijijini amegombana na nani na kwa sababu gani.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwenye asubuhi uliyoondoka, kwa sababu umeishi na habari nusu kwa miaka yote hii na kosa ni langu.

Mligombana usiku wa kuamkia siku ile, nakumbuka kila neno. Mama alisema kama unaenda nenda, lakini yeye hatatoka kukuaga, wala usitegemee mkate wake wa safari. Asubuhi ulisimama mlangoni na kifurushi chako, ukaita mara mbili, mlango umefungwa, kimya. Katika barua yako umeandika kwamba ulimsikia akitembea ndani. Ulisikia paka, Wendel. Mama hakuwemo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kabla hujaamka, yuko kwenye tanuri, anakuokea mkate ule ule aliosema hutaupata. Alikuwa ameomba zamu ya mtu mwingine, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote, na kiburi chake kilimzuia kukuambia umngoje. Aliamini gari la farasi la wasafiri halitaondoka kabla ya saa mbili. Liliondoka saa moja.

Nilikutana naye akirudi kutoka darajani. Mkate ulikuwa kwenye aproni, haujaiva vizuri, na ulikuwa wa moto kiasi kwamba aproni ilikuwa imeungua mahali na mikono yake ilikuwa myekundu. Alikuwa amekimbia mpaka darajani. Alikuwa amewaona mmeshapita kona ya mierebi. Aliita, lakini magurudumu yale, nani angesikia?

Akaniambia, "Lonia, ukimweleza mtu yeyote haya, mimi si mama yako."

Nikanyamaza. Nilikuwa namwogopa, na nilidhani utaandika upesi, nami nitakujibu kwa siri. Hukuandika kwa miaka minane. Sasa najua kwamba uliapa hutaandika mpaka umalize kuwatumikia waliokulipia nauli na uwe mtu huru. Mnafanana sana, wewe na yeye. Mngekuwa na vichwa laini kidogo, nyote wawili, nisingekuwa naandika barua ya namna hii.

Unakumbuka mkate mdogo aliokuwa akikutengenezea kwa unga uliobaki kwenye beseni? Na jinsi ulivyokuwa unaubonyeza kidole gumba katikati, ili watoto wengine kwenye tanuri wasije wakasema ni wao? Tangu wiki ile uliyoondoka, kila siku ya kuoka, Mama aliutengeneza mkate huo. Akaubonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Ukiiva, alimpa msafiri wa kwanza aliyepita barabarani, awe mzee, awe mwanajeshi, awe mwombaji. Hakumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Wote walijua.

Basi ilipofika zamu ya kwanza baada ya ile lakiri nyeusi, tanuri lilijaa watu. Hata wasiokuwa na zamu walikuja, eti wameazima ufagio, eti wanatafuta kuku. Walitaka kuona kama Mama atautengeneza mkate wa Wendel. Mama akakanda, akakata, akapanga mikate ya nyumbani. Kisha akakusanya unga uliobaki, akaufinyanga, akaubonyeza kidole gumba kwa nguvu mpaka kikagusa ubao. Akageuka akawatazama wote.

"Haya, mmeona," akasema. "Nendeni mkafanye kazi zenu."

Sasa niseme la kwangu. Mwaka wa tatu tangu barua ifike, wakati wa baridi, Mama aliugua wiki mbili, na ufunguo wa sanduku ukawa kwangu. Nilikwenda, nikaitoa barua. Nilishika kisu. Nilikitia chini ya lakiri mpaka nikasikia imeanza kuachia. Nikaogopa. Nikairudisha chini ya kishati chako, nikafunga, nikajiambia kwamba nimemtii mama yangu. Nimejiambia hivyo tangu siku ile, mpaka mwezi wa pili mwaka huu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Mama alikuwa anakulinda usife. Mimi nilikuwa najilinda nisilie. Ningekaza mkono kidogo tu, Mama angeishi miaka miwili na ushee akijua kwamba uko hai na ana mjukuu mwenye jina lake. Hilo nalibeba, na sikuombi unipunguzie.

Asubuhi ya siku yake ya mwisho alikuwa amechangamka. Alikunywa supu, akamtania Velten kwamba jeneza lake alitengeneze kama pipa ili ajiviringishe mwenyewe mpaka makaburini. Velten alitoka nje kulia. Halafu Mama akanivuta karibu.

"Lonia. Nikifika kule nitamtafuta Wendel. Nitaanza kwa baba yenu, halafu nitauliza kila mtu, mlango kwa mlango. Unanijua."

"Nakujua, Mama."

"Nisipomkuta, basi ndiyo nitajua yu hai." Akacheka, kikohozi kikamshika. Kilipomwacha, akasema, "Nikishazikwa, ifungue. Wewe bado una maisha, huwezi kukaa hivi."

Tulingoja siku tatu, kwa sababu ya wageni. Siku ya tatu jioni nilikaa mezani na barua yako, Velten akakaa kando yangu, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa kuwa mume wangu si mwepesi wa kusema. Nikaibandua lakiri. Nikasoma, "Mama mpendwa, mimi mwanao ni mzima," na sikuweza kuendelea. Velten ndiye aliyesoma mengine. Alisoma polepole kama anavyofanya kila kitu. Alisoma kuhusu kinu, kuhusu Gertraud, kuhusu mtoto aliyezaliwa Agosti, ambaye mmempa jina la Sibylla, na jinsi ulivyomwomba Mama msamaha. Alipofika mwisho wa karatasi, pale ulipobana maneno pembeni, akainua macho kunitazama. Nikamwambia, soma. Akasoma kwamba tusishtuke kwa lakiri nyeusi, kwani mke wa mzee Kolb alifariki kiangazi hicho na nyumba nzima haikuwa na lakiri ya rangi nyingine, na kwamba mwana wa mzee Kolb ndiye aliyekuandikia anwani, maana mwandiko wake unasomeka na makarani wa bandarini.

Nilicheka, Wendel. Maelezo yote uliyaweka ndani! Nilicheka mpaka Velten akanishika mabega, kisha nikalia mpaka kukapambazuka. Sikulaumu. Ulikuwa kijana mwenye karatasi moja na lakiri moja. Lakini ndugu yangu, tangu lini wewe ukafikiria kabla ya kutenda?

Uliuliza kama Mama amekusamehe. Nimefikiria namna ya kukujibu kwa niaba yake na sijapata maneno yanayomfaa. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu. Mkate wa mwisho wenye alama yako aliuoka Desemba, akiwa ameshikilia ukuta kwa mkono mmoja. Alimpa mwanamke mmoja mpita njia, mwenye mtoto mgongoni. Baada ya hapo hakuweza tena kusimama.

Sasa zamu ya tanuri ni yangu. Wiki iliyopita nimetengeneza mikate midogo miwili, mmoja wako na mmoja wa binti yako. Barthel aliniuliza kama na yeye anaweza kubonyeza kidole, nikamruhusu kwenye wa Sibylla.

Barua hii anaichukua Kilian Moll, mfumaji wa kijiji cha pili, anayeondoka na mkewe Jumatatu baada ya Pasaka kuelekea Rotterdam. Ni mtu mwaminifu, ila ana maneno mengi, kwa hiyo utaujua kila ugonjwa alioupata njiani. Nimempa pia kifuko cha kitambaa. Ndani mna chachu ya Mama, ile ile aliyoirithi kwa bibi, nimeisugua na unga mpaka ikakauka ikawa kama chengachenga. Mwambie Gertraud aichanganye na maji ya uvuguvugu, aifunike, aiache siku mbili karibu na jiko. Isipoamka siku ya pili asiitupe, aongeze unga kidogo na asubiri. Hiyo nayo ina kiburi. Ikiamka, mtaoka mkate wa nyumbani kwetu, na usisahau kumwonyesha binti yako afanye nini na unga unaobaki kwenye beseni.

Velten anakusalimu sana. Barthel na Eva wanauliza kama huko kuna dubu. Mchungaji, ambaye amezeeka sana, anakusalimu na anasema amefurahi hakupiga kengele. Jost anakusalimu na anakuomba radhi. Anasema angejua, angeifungua mwenyewe njiani na kuja anaimba.

Utujibu, Wendel. Hata mstari mmoja. Hata kama ni wa hasira. Na ukikosa lakiri, usifunge kabisa, ilete hivyo hivyo wazi, kijiji kizima kiisome, simjali mtu.

Kuhusu muhuri wa barua hii, nimehangaika. Desturi yataka nyeusi, kwa sababu ya Mama, lakini niliogopa usije ukaiweka mahali ukaogopa kuifungua, maana wewe ni mtoto wake. Nyekundu nayo ingekudanganya. Mwishowe nimekanda unga kidogo kwa chachu ya Mama, nimeifunga karatasi kwa unga huo, na nimeubonyeza kidole gumba katikati. Nasali panya wa melini wasiutamani. Ukifika mzima, utakuwa umeuona kabla hujasoma neno hata moja, na utakuwa umejua kwamba kilichomo ndani ni chako.

Mungu akulinde na wote walio chini ya dari yako. Usilie peke yako, mwambie Gertraud akukalie karibu. Na usijitese kwamba Mama amekufa bila kujua. Ameshafika kule, ameshauliza mlango kwa mlango kama alivyosema, na hakukukuta.

Mimi dada yako, ninayekupenda kwa niaba yangu na yake,

Apolonia